Pikipiki ya kampuni iliyofungwa: uliza breki kabla ya bei

Nilikuwa nyumbani Kabazi majuzi, katika bonde la Subukia, kijana mmoja anayechukuza maziwa aliponijia na picha katika simu yake. "Mzee, wewe huandika mambo ya afya, lakini hebu tazama hii. Nichukue ama niache?"

Picha ilionyesha pikipiki nyeusi, ndefu ajabu. Gurudumu la mbele lilikuwa mbali na injini kana kwamba vimekosana, usukani umeinuliwa hadi usawa wa mabega, na tairi la nyuma pana mithili ya la gari. Ilikuwa imeegeshwa mjini Nakuru kwa jamaa aliyeileta kutoka Marekani aliporudi nyumbani. Bei ilikuwa imeshushwa mara tatu, na sababu kijana aliijua: kampuni iliyoiunda ilifunga milango zamani. Yeye aliiona hiyo kuwa bahati yake.

Nilimwambia kwamba swali lake ni la afya kuliko alivyodhani. Kutoka Nakuru hadi kwao ni mlima na mteremko, kisha vumbi au matope kutegemea msimu. Katika barabara kama hiyo, mtu asiyejua atapata wapi pedi za breki hajui atasimama vipi.

Pikipiki za aina hii hazitoki kiwandani kwa maelfu kama zile za boda boda. Huundwa kwa kufuata matakwa ya mnunuzi, mfano wa suti ya kushonwa na fundi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 biashara hiyo ilinawiri sana Marekani. Big Dog ya Wichita, Kansas, iliyoanza 1994, ilikuwa miongoni mwa kubwa. Ikaacha kuunda pikipiki 2011. American IronHorse ya Fort Worth, Texas, iliporomoka 2008. Hata kampuni zenye matajiri nyuma yake hazikusalimika: Harley-Davidson ilitangaza kuifunga Buell Oktoba 2009, nayo Polaris ikatangaza kuifunga Victory Januari 2017, ingawa iliahidi kutoa vipuri kwa miaka 10.

Lakini kufungwa kwa kampuni si sawa na kutoweka kwa vipuri vyote. Nyingi ya pikipiki hizi za kuagiza ni mkusanyiko wa vitu vilivyonunuliwa kwingine. Big Dog na American IronHorse, mathalan, zilitumia injini za S&S, kampuni ya Wisconsin ambayo bado inafanya kazi. Kwa hivyo injini, ambayo ndiyo wanunuzi wengi huisikiliza kwa makini huku wakitikisa kichwa, huenda ndiyo yenye nafuu. Beringi za magurudumu nazo huwa na nambari zilizochongwa ubavuni, na fundi akishaisoma nambari anaweza kupata nyingine ya kipimo hicho hicho katika duka la vipuri. Shida iko katika vitu ambavyo kampuni ilijitengenezea yenyewe: fremu, nyaya na visanduku vya umeme, tangi, na vishikizo vya breki. Tena kampuni ikishakufa, hakuna wa kukupigia simu kukuambia kwamba kifaa fulani kimegunduliwa kuwa kibovu na ukirudishe.

Basi tuanze na breki, maana hapo ndipo uhai ulipo.

Breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, kwa sababu uzito wote hukimbilia mbele mara unapofunga. Hata hivyo, wapo waliozibadilisha pikipiki zao kwa ajili ya urembo hata wakaiondoa breki ya mbele kabisa, ili gurudumu lionekane jembamba na safi. Ukiikuta pikipiki ya namna hiyo, rudi nyumbani. Ikiwa breki ipo, finya mkono wake kwa nguvu na uushikilie kwa muda wa nusu dakika. Ukiendelea kuzama polepole, kuna mahali panapovuja. Fungua kikopo cha mafuta ya breki utazame rangi. Mafuta mapya huwa meupe au ya rangi ya asali nyepesi. Yakiwa ya kahawia iliyokolea au meusi, yamekaa mno.

Hili la mafuta halielezwi vya kutosha, na watu hulipuuza. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Kadiri maji yanavyoongezeka ndani yake, ndivyo yanavyochemka upesi. Unateremka mteremko mrefu umeshika breki, diski inapata moto, maji yaliyomo yanageuka kuwa mvuke, na mvuke hubonyea kama puto. Unafinya, mkono unafika kwenye usukani, na pikipiki haisimami. Breki hiyo hiyo ilikuwa nzuri kabisa ulipoijaribu uani kwa mwenye kuiuza. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, iwe pikipiki imetembea au haikutembea. Mipira inayopitisha mafuta hayo nayo huzeeka. Ikipasuka-pasuka nje inaonekana, lakini ikivimba kwa ndani breki hugoma kuachia, na hilo hulioni kwa macho.

Mwambie fundi azitoe pedi uzishike mkononi. Zikibakia unene wa milimita mbili au chini, zimekwisha. Uchukue moja uende nayo dukani kabla hujatoa hata senti. Mara nyingi kalipa iliundwa na kampuni ya breki iliyo hai, na pedi yake hutumika kwenye pikipiki nyingine. Ukipata pedi ya kufanana, umevuka kizingiti kikubwa. Ukiikosa Nakuru na Nairobi, ujue kila pedi itakayochakaa itakuwa safari ya ng'ambo, na katika wiki za kungoja utashawishika kuendesha hivyo hivyo. Au fundi atakukatia kipande cha pedi ya gari na kukibandika. Nimeyaona hayo.

Tairi ni rahisi kulisoma. Ubavuni utakuta tarakimu nne ndani ya alama ya mviringo mrefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3111 ni wiki ya 31 ya mwaka wa 2011. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata bila kutumiwa, na tairi kongwe lenye meno mazima ndilo humdanganya mnunuzi zaidi kuliko kipara. Upana nao ni tatizo. Matairi ya nyuma ya pikipiki hizi hufika milimita 250 hata 300, kipimo ambacho huwezi kukitegemea katika duka linalouza matairi ya boda boda.

Kisha fremu. Chunguza shingo yake, pale inapokutana na foki za mbele, kwa tochi. Ufa mdogo huonekana kwanza kama mstari katika rangi. Rangi mpya mahali hapo peke yake, ilhali kwingine ni kuukuu, ni habari mbaya. Funga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele uone kama yamenyooka. Foki ndefu huifanya pikipiki itulie katika barabara kuu iliyonyooka ya Texas, lakini katika kona za kupindana kama zetu usukani huwa mzito na hutaka kujiangukia wenyewe. Na mashine yenyewe huwa na uzito wa karibu kilo 300, ilhali pikipiki ya boda boda ni kilo mia moja na kidogo. Ikikulalia mguu katika tope, utahitaji majirani.

Kijana wangu aliuliza kuhusu mgongo, maana baba yake aliacha kuendesha kwa ajili ya kiuno. Jibu linategemea mkao. Katika pikipiki ya kawaida miguu iko chini yako, na ukikutana na shimo unajiinua kidogo, magoti yakanywa mshtuko. Katika hizi, miguu hunyooshwa mbele, hivi kwamba huwezi kujiinua. Mshtuko wote hupanda kupitia makalio hadi uti wa mgongo sehemu ya chini. Nyingine hazina springi za nyuma kabisa. Kinachokusaidia ni kiti tu. Mikono iliyoinuliwa juu kwa saa nzima hufa ganzi, na mtikisiko wa injini ukizidi kwa miaka huweza kuharibu neva na mishipa midogo ya vidole. Mwenye maumivu ya kiuno tayari asijidanganye kwamba atazoea.

Masikio pia. Bomba la moshi lisilo na kizuia sauti hupendwa na vijana, lakini sauti ya kiwango cha desibeli 85 ikisikika saa nane kwa siku ndipo hatari huanza, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Pikipiki iliyo wazi hupita kiwango hicho kwa mbali. Kinachopotea katika sikio la ndani hakirudi kwa dawa yoyote.

Na bomba hilo huunguza. Waundaji wa mapambo huondoa bati la kukinga mguu, kisha mtoto anapandishwa nyuma akiwa na kaptura. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia. Hayo hushika joto na kuleta uchafu katika kidonda. Likitunga lengelenge kubwa kuliko kiganja chake, mpeleke hospitali.

Sitaki msomaji afikiri kwamba haya ni ya matajiri wenye jamaa Marekani pekee. Baada ya serikali kulegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka wa 2008, majina mengi yaliingia nchini, na baadhi hayaonekani tena madukani. Zimebaki pikipiki zake, zikiuzwa mkono kwa mkono, zimeongezwa kiti kirefu, zimechomelewa vyuma vya kubebea mitungi ya maziwa na magunia. Hiyo nayo ni pikipiki iliyoundwa upya, ya kampuni isiyopatikana. Breki zake ziliwekwa kwa ajili ya dereva na abiria mmoja, idadi ambayo sheria yetu ya barabarani inaruhusu, wala si kwa ajili ya nusu tani ya viazi. Ukaguzi ni ule ule.

Wapo pia wapenzi wa mashine za kikoloni, hasa BSA za Birmingham, ambayo kampuni yake iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya jina lake kufufuliwa na Wahindi katika muongo huu. Hapa kuna hatari nyingine. Breki za enzi hizo zilikuwa na asbestosi. Fundi akifungua gurudumu na kupuliza vumbi kwa mdomo au kwa pampu, yeye na aliyesimama karibu huvuta nyuzi ndogo zinazokwama mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa kifungwe na kutupwa. Wala mtu asifyonze petroli ya zamani kutoka tangini kwa mdomo. Tone likipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia kali isiyosikia viuavijasumu.

Karatasi ni jambo fupi. Nambari ya fremu na ya injini zilingane na zilizo katika kumbukumbu za NTSA, na uhamisho wa umiliki ukamilike kabla ya pesa kukamilika. Pikipiki iliyoungwa kutoka vipande vya mashine mbili huwa na hadithi mbili, na bima itaisoma ile isiyokufaa.

Muuzaji alikuwa ameahidi helmeti ya bure. Nilimwambia kijana aiache. Povu la ndani hubonyea mara moja tu; likishapata pigo, au kukauka kwa miaka, ganda linabaki zuri lakini kinga imekwisha. Anunue mpya inayombana mashavu, na aifunge kamba. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42 miongoni mwa waendesha pikipiki wanaopata ajali.

Jumapili jioni alinitumia picha nyingine. Safari hii haikuwa ya pikipiki nzima, ni ubavu wa tairi la nyuma tu: 2207. Mwenye kuiuza amesema hajui pedi zinatoka wapi, ila hajawahi kuzihitaji, kwa kuwa haendeshi sana. Jumamosi kijana anarudi Nakuru na fundi wake wa Subukia, tochi, na uzi.