Wakazi wa Nyufa: Utangulizi wa Elimu ya Mijusi wa Mawe

Mwanafunzi wa Nyahanga, mkoani Shinyanga, anayetaka kuwajua mijusi wa mawe hana haja ya kusafiri hadi jangwa la Namib. Shinyanga yenyewe iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, baada ya miti kufyekwa ili kupata mashamba ya pamba na kuwaondoa mbung'o, mpaka mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na wafugaji wakazirudisha ngitili zao, yaani malisho yanayotengwa ili yapumzike. Katika nchi kavu kama hii, vilima vya itale vya Usukumani ni visiwa. Saa nane mchana uso wa jiwe haugusiki kwa mkono, lakini shubiri moja ndani ya ufa kuna kivuli, ubaridi na unyevu kidogo. Maisha ya mijusi hawa yanategemea tofauti hiyo.

Kwenye mawe ya Mwanza na Serengeti wengi humwona kwanza dume la Agama mwanzae, kichwa na kifua vyekundu, mwili wa buluu, akiota jua. Arthur Loveridge ndiye aliyempa jina hilo la kisayansi mwaka 1923. Ni mzuri kweli, lakini naomba tumwache, tungoje giza liingie atoke mjusi kafiri.

Mtazame vidole kwa kioo cha kukuzia, maana humo ndimo utambuzi unamoanzia. Chini ya vidole vya wale wa jenasi ya Hemidactylus kuna vibamba vilivyogawanyika katikati, safu mbili. Vya Chondrodactylus ni vizima. Lygodactylus, mdogo kuliko hao na mtembezi wa mchana, ana mboni ya duara na vibamba vya kunatia hata kwenye ncha ya mkia, kana kwamba amepewa mguu wa tano. Vibamba hivyo vimejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kinyweleo kimoja cha mjusi wa Asia, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba hakuna gundi: molekuli za mguu na za ukuta huvutana zenyewe.

Macho nayo yanastahili somo lake. Hayana kope za kufumba, kwa hiyo mwenyewe huyafuta kwa ulimi. Mwaka 2004 Lina Roth na Almut Kelber walithibitisha kwamba mjusi mmoja wa jangwa la Afrika Magharibi hutofautisha rangi katika giza ambalo sisi tungeona kijivu tu.

Mjusi kafiri hana sumu, ingawa wengi humwua kwa kudhani anayo. Hatari kubwa zaidi kwake ni nyundo. Gamba la jiwe lililobanduka kidogo, mahali jike anapoficha mayai yake mawili, ndilo rahisi kuvunjwa kuwa kokoto. Siwalaumu wapondaji, wanatafuta riziki. Lakini ngitili ikipumzishwa huota tena. Ufa ukishapondwa haurudi. Ndiyo maana nataka vilima hivi viandikwe habari zake sasa, na vijana waliokulia chini yake.

Beba tochi, kipimajoto na daftari. Andika saa, joto la jiwe, na kimo alipoonekana mjusi. Usiingize mkono ufani, kwa kuwa nge na nyoka hulala humo, na kila jiwe ulilofunua lirudishe lilivyokuwa.