Kilimia Juu ya Majaruba ya Rufiji

Mkulima wa mpunga kwenye delta ya Rufiji anaishi kati ya maji mawili yanayogombana. Kutoka bara unashuka mto uliobeba maji matamu ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kutoka upande wa Mafia maji ya chumvi hupanda mara mbili kwa siku, yakapenya mikoko na kunyemelea majaruba. Mpunga hustawi pale tu mto unapoizidi bahari nguvu, na kwa sababu hiyo mtu wa huku anahitaji kalenda mbili. Ya bahari ni mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa bamvua, katikati yake huwa maji mafu. Ya mto haiwezi kuwa mwezi, kwa kuwa masika hayafuati mwezi, hufuata jua. Hiyo ya pili watu wa pwani waliisoma kwa karne nyingi kwenye kishada kidogo cha nyota, Kilimia.

Nasema bila kusita kwamba Kilimia hutunza majira vizuri kuliko kalenda nyingine za zamani za pwani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani husogea kama siku 11 kila mwaka. Mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima Waswahili waliuhesabu kwa makumi ya siku tangu Siku ya Mwaka, una siku 365 kamili, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne. Kilimia nacho huteleza, kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole mno, lakini kwake siku moja huchukua miaka kama 71. Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, kusini ya delta hii, Kilimia kilikuwa kikizama na kuchomoza siku kama kumi tu kabla ya tarehe za leo. Karibu karne saba, siku kumi! Hakuna bibi aliyemfundisha mjukuu wake kulima ambaye angeweza kuigundua tofauti hiyo.

Kukiona si kazi. Katikati ya Novemba huchomoza kaskazini-mashariki wakati jua linazama. Katikati ya Januari, kwenye saa mbili usiku, huwa kimesimama upande wa kaskazini, kama theluthi mbili ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Jirani yake inang'aa nyota ya rangi ya chungwa, Aldebaran. Mwanzoni mwa Mei humezwa na mwanga wa machweo, kikafichika zaidi ya mwezi mmoja nyuma ya jua, kisha katikati ya Juni huzuka upya mashariki wakati wa alfajiri. Ukiwa Nyamisati, ambako vyombo vya kwenda Mafia huondokea, au ndani zaidi kwenye visiwa vya mikoko, giza bado linatosha. Wengi huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali hupata saba au zaidi. Galileo alipokielekezea darubini yake akachora nyota 36, na mchoro huo akauchapisha mwaka 1610. Leo wanaastronomia wanahesabu zaidi ya 1,000.

Je, hizo zimekaa pamoja kweli, au zinaonekana tu hivyo kutoka hapa tulipo? John Michell, kasisi wa Uingereza, alilijibu swali hilo mwaka 1767 kwa hesabu peke yake. Alikokotoa kwamba uwezekano wa nyota angavu za Kilimia kukusanyika pale kwa bahati tu ni kama moja kati ya 500,000. Alikuwa sahihi. Kilimia ni fungunyota, tena la aina inayoitwa fungunyota tawanyika: ndugu waliozaliwa na wingu moja la gesi na vumbi, wanaosafiri njia moja, wakishikiliwa na mvutano wao wenyewe.

Ndugu hao ni vijana. Umri wao ni kati ya miaka milioni 100 na 125 hivi, ilhali jua letu lina miaka bilioni 4.6. Ukisafiri kusini kutoka Kibiti, ukavuka Daraja la Mkapa na kuingia mkoa wa Lindi, utafika Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, iliko hadi leo. Wanyama wale waliishi miaka milioni 150 iliyopita. Walikufa na kugeuka mawe kabla nyota hata moja ya Kilimia haijawaka.

Ujana huo unaonekana kwa rangi. Nyota zinazoonekana kwa macho, kama Alcyone, Atlas, Electra na Maia, ni za buluu kwa sababu ni kubwa na za moto sana. Uso wa Alcyone una joto linalopita nyuzi 12,000, zaidi ya maradufu ya jua. Nyota za namna hiyo hula akiba yao haraka na hazifikii uzee wa jua. Picha za darubini huonyesha pia ukungu wa buluu umezizunguka. Zamani ulidhaniwa kuwa mabaki ya wingu lililozizaa. Sasa inajulikana kwamba ni vumbi la wingu jingine ambalo Kilimia kinapita ndani yake, likiakisi mwanga wa nyota.

Lakini sehemu kubwa ya familia ni wadogo, wekundu na hafifu. Mwaka 1995 watafiti wa Visiwa vya Canary walitangaza humo Teide 1, kibete kahawia, kitu kilichozaliwa kama nyota kikakosa uzito wa kuchoma haidrojeni. Ni miongoni mwa vibete kahawia vya kwanza kabisa kuthibitishwa.

Umbali nao ulizua ubishi mkali. Njia ya kuupima ni rahisi kueleza: simamisha kidole mbele ya uso, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine, nacho kitaonekana kuhama. Badala ya macho mawili, wanaastronomia hutumia pande mbili za njia ya dunia kulizunguka jua. Mwaka 1997 vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vilitoa umbali wa chini ya miaka ya nuru 400, na kama vingekuwa sahihi, nadharia ya namna nyota zinavyong'aa ingebidi irekebishwe. Vipimo vya redio vya mwaka 2014, kisha vya setilaiti ya Gaia, vikatoa miaka kama 440. Nadharia ikapona. Mwanga wa Kilimia unaoingia machoni leo uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Na mvua? Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua kitazuka wakati wa mvua, na kikizama kwa mvua kitazuka kwa jua. Nyota haileti mvua. Hutaja tarehe tu. Mvua huamuliwa na joto la bahari na mwendo wa pepo. Kuelekea mwisho wa 2023 El Niño na joto la Bahari ya Hindi magharibi viliongeza mvua, na Aprili 2024 mafuriko yakaingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, Kilimia kilikuwa kikizama jioni kama kila mwaka, bila kuchelewa hata siku moja.

Hata hivyo usemi ule ni utabiri, na utabiri hupimwa. Mvua za mwanzo wa Mei na za katikati ya Juni zinaweza kuandikwa kila mwaka kwa kipimo cha mvua kwenye uwanja wa shule, zikalinganishwa na kumbukumbu za miaka mingi za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Darasa la jiografia la sekondari yoyote ya Kibiti linaweza kuianza kazi hiyo Mei ijayo, jioni ile Kilimia kinapoonekana kwa mara ya mwisho.