Toronto: Kengele ya baiskeli ni hodi
Karibu na mtaa wa Mount Dennis, mjini Toronto, Canada, waendesha baiskeli na waendao kwa miguu hutumia njia moja kandokando ya mto Humber.

Huko watu hushika kulia, si kushoto kama Nairobi au Dar es Salaam. Mwendo wa baiskeli haupaswi kuzidi kilomita 20 kwa saa, na sheria ya jimbo la Ontario inataka iwe na kengele au honi. Anayetaka kupita huipiga mapema, hupunguza mwendo, kisha hupita kushoto.

Kengele hiyo si amri ya kumfukuza mtu njiani, bali ni hodi. Aliye mbele huijibu kwa kubaki kulia. Mgeni akishtuka na kurukia kushoto, kama alivyozoea kwao, huangukia mbele ya baiskeli.