Msanii wa Kagera na Mwaliko wa Japani: Namna ya Kutafuta Ufadhili wa Ukaazi wa Ubunifu

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Msanii wa Bukoba au Muleba anayetaka kwenda kujifunza na kubuni kazi nchini Japani hukabiliwa na maswali mawili: nani atagharamia safari, na atakaporudi atakuwa ameiletea nini jamii yake? Makala haya yanaeleza utaratibu wa kufuata, ili mwananchi mwenye kipaji asiikose fursa kwa kukosa taarifa.

Ukaazi wa ubunifu ni kipindi, kwa kawaida cha wiki kadhaa hadi miezi michache, ambacho msanii hukaribishwa na kituo cha sanaa ili aishi, afanye utafiti na kutengeneza kazi mpya. Japani ina vituo vingi vya aina hiyo, kikiwemo cha ARCUS katika mji wa Moriya, mkoa wa Ibaraki, ambacho mpango wake ulianza mwaka 1994. Vipo vituo vinavyolipa nauli, malazi na posho. Vingine hutoa chumba na karakana tu, na gharama zilizobaki hubebwa na msanii mwenyewe. Tofauti hiyo ifahamike kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kagera haiendi Japani mikono mitupu. Mafundi wa Buhaya wamekuwa wakitengeneza lubugo, yaani vazi la gome la mti wa jamii ya mkuyu. Gome la ndani hubanduliwa, shina likafungwa kwa majani ya migomba ili lipone, kisha gome hugongwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke na kulainika. Kuingia kwa nguo za pamba kuliupunguzia ufundi huo nafasi katika maisha ya kila siku. Nchini Uganda, ufundi kama huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2008.

Japani nako, karatasi ya jadi iitwayo washi hutokana na gome la ndani la mti wa kozo, ambalo huchemshwa na kugongwa hadi nyuzi zake ziachane. Ufundi huo uliingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2014. Kwa upande wa muziki, nanga ya Wahaya na koto ya Wajapani, yenye nyuzi 13, zote ni ala za nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao. Japani imekuwa na sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu mwaka 1950, na chini yake mafundi mahiri hutambuliwa rasmi na kusaidiwa kurithisha ujuzi. Msanii wetu ana mengi ya kujifunza hapo, na ana mengi ya kufundisha.

Njia hiyo imekwisha kupitiwa na Watanzania. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alipiga muziki wake Japani, na baadhi ya kazi zake zilitolewa na kampuni za huko. Michoro ya Tingatinga nayo ina wapenzi wengi nchini humo.

Hatua ya kwanza kwa msanii ni kufika kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri yake, iwe Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba au ya Muleba, kupata ushauri na barua ya utambulisho. Pili, ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na kufuata utaratibu wake wa vibali vya kwenda kufanya kazi za sanaa nje ya nchi. Tatu, asajili kazi zake COSOTA kabla ya kuzionesha ugenini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda pia sanaa za jadi, ambazo ni mali ya jamii nzima. Nne, aombe hati ya kusafiria Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa mapema, kwani maombi ya viza hupitia Ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam, mbali na Bukoba.

Kuhusu fedha, ukweli usemwe. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo ya masharti nafuu, na mkopo hurejeshwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hulenga shughuli za kiuchumi za vikundi vya wanawake na vijana, pamoja na watu wenye ulemavu. Hufaa kununulia vifaa vya karakana, si nauli ya mtu mmoja. Kwa ukaazi usioleta kipato cha haraka, ni busara kutanguliza vituo vinavyogharamia kila kitu, kisha kuomba ruzuku kwa taasisi kama Japan Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1972.

Ombi lenye nguvu huwa na bajeti ya wazi, picha au rekodi za kazi, na maelezo ya namna ujuzi utakavyorudishwa nyumbani: darasa kwa vijana wa Muleba, kwa mfano, au maonesho mjini Bukoba.

Wananchi wajihadhari na mialiko inayodai ada kwa njia ya simu. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mwaliko uthibitishwe na kituo chenyewe, BASATA au Ubalozi.

Mzee anayejua kugonga lubugo au kupiga nanga asipopata wa kumrithisha, huondoka na ujuzi wake. Safari ya Japani itakuwa na thamani ikiwa msanii atapita kwanza kwa mzee huyo kabla ya kuondoka, na atarudi kwake akiwa na vijana wa kufundishwa.