Jeni Ikiharibika, Protini Hujaa

Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, wazo la kwanza nyumbani ni jino bovu, na la pili ni mahali pa kuling'olea. Kutoka Bujora hadi Hospitali ya Bugando, juu ya kilima pale Mwanza, ni mwendo wa kilomita 20 hivi. Ni karibu, ila uvimbe wenyewe haungoji nauli. Huenda ni limfoma ya Burkitt, mojawapo ya saratani zinazokua haraka kuliko zote: inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliitambua katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaiandika. Mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili kwa gari lililokwishatumika, maili 10,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, yaani ilimfuata mbu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe huo. Malaria na kirusi: wengi wameishia hapo, na vitabu vya shule pia.

Ndani ya seli mambo ni magumu zaidi. Kromosomu ya 8 hukatika, na jeni ya MYC ikaangukia kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo katika seli B, yaani seli za damu zinazotengeneza kingamwili, hufanya kazi muda wote. MYC sasa haizimiki. Seli huamriwa itengeneze protini kwa wingi na igawanyike bila kupumzika. Lakini seli nzima haikubali kirahisi. Protini iitwayo ARF huishika nyingine, MDM2, adui wa p53, protini inayoilinda seli isigeuke saratani. P53 ikisalimika huamsha p21, inayosimamisha mgawanyiko, na PUMA, inayoiua seli. Kwa hiyo MYC peke yake ni njia ya mkato kuelekea kaburini. Uvimbe unaofika hospitali ni ule uliokwisha kupata upenyo.

Upenyo mmoja ni kuharibika kwa TP53, jeni inayotengeneza p53. Ungetarajia jeni ikiharibika protini yake ipungue. Mara nyingi hujaa. Sababu ni kwamba p53 iliyo nzima ndiyo inayoagiza MDM2 itengenezwe, na MDM2 ndiyo inayoipeleka p53 ikavunjwe. P53 mbovu haiagizi kitu, basi inarundikana. Wanaokwenda Bujora kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la mwezi Juni, wanaijua hali hii. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Lakini kuna umati unaokaa kwa sababu tu hakuna aliyeuambia urudi nyumbani. Aina nyingine ya uharibifu huikata p53 kabisa, isionekane hata chembe. Ndiyo maana mwanapatholojia mwenye darubini hushuku pande zote mbili, kipande cha uvimbe kilichoshika rangi ya p53 kote na kile kisichoishika kabisa, na hutulia akiona madoadoa. Ni kazi chache ambamo madoadoa huhesabiwa kuwa habari njema.

Upenyo wa pili unanivutia zaidi. DDX3X ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya X, na protini yake husaidia seli kuanza kusoma maagizo ya kutengeneza protini nyingine. Katika limfoma ya Burkitt huharibika mara nyingi, karibu kila mara kwa wanaume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza faida yake kwa uvimbe: MYC inapoanza kuisukuma seli, protini zinazozidi huielemea, na kupotea kwa DDX3X hupunguza kasi ya kuzitengeneza ili seli isife mapema. Uvimbe ukishakomaa hauitaki breki tena. Huiwasha DDX3Y, pacha wa jeni hiyo kwenye kromosomu ya Y, ambaye protini yake kwa kawaida hupatikana kwenye korodani tu. Ugonjwa huu huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na hii huenda ni sehemu ya maelezo, ingawa haimweki msichana yeyote salama.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Uvimbe wa ukanda wa malaria karibu wote umebeba kirusi cha Epstein-Barr, na uchunguzi wa sampuli za Kenya na Uganda umeonyesha kuwa wenye kirusi una jeni chache zilizoharibika. Kirusi chenyewe huizuia seli isijiue, hivyo uvimbe haulazimiki kuivunja p53. Majedwali ya jeni kutoka Ulaya, ambako wagonjwa wengi hawana kirusi, yasomwe Bugando kwa tahadhari.

Na malaria haikuachwa nyuma. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa p53, wakiambukizwa malaria, hupata limfoma za seli B zilizokomaa, kwa sababu maambukizi huamsha kimeng'enya kinachosababisha DNA ikatike. Mkoani Mara, watoto wa North Mara walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili ionekane kama limfoma itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa.