Kabla ya Kusoma Mawimbi ya Ubongo, Kagua Ngozi

Maji ya maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, yana magadi mengi. Magadi yakiyeyuka hutoa ayoni zinazobeba chaji, ndiyo maana maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Jeli ya EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo, hutumia kanuni hiyohiyo: chumvi yake hupitisha umeme kutoka kwenye ngozi ya kichwa hadi kwenye elektrodi.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Hans Berger, aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu huko Ujerumani mwaka 1924, alikuwa akiwinda mawimbi ambayo kwa kawaida ni ya maikrovolti 10 hadi 100. Ngozi kavu, mafuta ya nywele na vumbi huyazuia. Kizuizi hicho ndicho impidansi, na kwa desturi hutakiwa kisizidi kiloomu 5. Kifaa cha EEG kisichotumia waya kinabebeka hadi kijiji cha Ngarenanyuki, lakini hakiponyi mguso mbovu.

Impidansi ikipanda, tafuta chanzo kwa mpangilio. Chaneli zote zikiharibika pamoja, anza na elektrodi ya rejea na ya erthi, kwani zote huzitegemea. Ikiwa ni chaneli moja, badilishanisha elektrodi yake na nyingine. Tatizo likihama nayo, elektrodi au waya wake ni mbovu. Likibaki palepale, ngozi haijaandaliwa. Tenganisha nywele, sugua taratibu, futa, weka jeli. Usizidishe: jeli ikiunganisha elektrodi mbili, impidansi hushuka mno na chaneli hizo huchora mawimbi yanayofanana.

Nywele zetu nazo zina haki ya kufikiriwa. Zikiwa nene na zimejisokota, huinua elektrodi isiguse ngozi. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha kuwa kusuka mistari inayoacha wazi sehemu za elektrodi hupunguza impidansi. Wasusi wa Arusha wana ujuzi huo tayari; hospitali ziwashirikishe.

Usahihi huu una uzito katika kifafa, ambacho hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya mgonjwa na walioshuhudia, kisha EEG husaidia. Wimbi la uongo litokanalo na mguso mbovu linaweza kumtwisha mtu mzima wa afya dawa asizozihitaji. Kwa hiyo, mhudumu, pima impidansi kabla ya kurekodi, ipime tena ukimaliza, na uiandike kwenye ripoti.