Fuwele, Kito na Jiwe la Pambo

Fundi apachikapo vipande vya mawe yang'aayo katika kibao cha mninga, au avigandishapo kwa gundi kuzunguka fremu ya kioo, pambo hilo la nyumba litaitwaje katika hati ya biashara? Wengine huandika "pambo la vito", wengine "pambo la fuwele", kana kwamba maneno hayo ni pacha. Sisi twaona kwamba si pacha, na kwamba kuyachanganya kuna hasara.

Fuwele ni habari ya umbo. Ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Chumvi ya jikoni ni fuwele, na sukari vilevile. Kito ni habari ya thamani: ni jiwe lipendwalo kwa uzuri, uimara na uadimu wake. Basi vito vingi ni fuwele, lakini fuwele nyingi si vito.

Tuchukue mifano ya Nyanda za Juu Kusini. Huko Chunya, mkoani Mbeya, dhahabu ya Lupa hupatikana katika mishipa ya kwatsi, jiwe ambalo likipata nafasi ya kukua hufanya fuwele zenye pande sita. Katika bonde la mto Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya, chemchemi za maji moto zimeacha matabaka ya mawe ya chokaa ambayo watu huyaita marumaru. Hayo ni ya kalsaiti. Yote mawili yakisuguliwa hung'aa, na yote mawili hufaa kwa mapambo. Lakini katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye daraja 10, kwatsi ni ya 7 na kalsaiti ya 3. Kisu hukwaruza kalsaiti kwa urahisi, ilhali kwatsi hukwaruza hata kioo. Tone la ndimu au siki hutoa povu juu ya kalsaiti na kuila, kwa hiyo pambo lake lisisafishwe kwa vitu hivyo. Tofauti ya ugumu si elimu ngeni: mafundi wa Zama za Mawe huko Isimila, karibu na mji wa Iringa, waliitumia kwatsi miongoni mwa mawe magumu ya zana zao.

Wafasiri nao wana mtego wao. Neno la Kiingereza lenye maana ya fuwele hutumika pia kwa bilauri na vinyago vya kioo kilichotiwa risasi. Kioo si fuwele, maana chembe zake hazikujipanga. Hapo tafsiri sahihi ni "kioo". Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kupita njia hiyo: bilauri ni neno la asili ya Kiarabu lililohusu fuwele safi ya kwatsi, nasi leo twanywea maji.

Kwa watumishi wa serikali jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imetenga madini ya vito na yale ya viwanda na ya ujenzi, na katika leseni za kuchimba vito imewatanguliza Watanzania. Aitaye marumaru kito ameliweka jiwe katika fungu lisilo lake. Naye mnunuzi aweza kulipa bei ya kito kwa kipande cha chokaa.

Kwa hiyo twapendekeza "fuwele" litumike kwa umbo tu. "Kito" kwa jiwe la thamani, kama amethisti, ambayo ni kwatsi yenye rangi ya zambarau. Na "jiwe la pambo" kwa kila jiwe lipendezalo lisilofikia daraja hiyo. Mwalimu atakayetaka kulithibitisha hili darasani hahitaji maabara: kipande cha marumaru, kisu na ndimu vyatosha.